Jembe Lake Lilikuwepo

Dada yangu alivunjika paja akiteka maji, kiangazi kilipokuwa kimekaza na mvua za vuli bado ziko mbali. Aliteleza kwenye mawe ya njia inayopanda kutoka mtoni, mtungi ukiwa mgongoni na ukanda wake kwenye paji la uso, kama alivyoubeba tangu utoto. Aliponipigia simu kutoka hospitalini, habari aliipanga hivi: "Mtungi haukupasuka. Ila mimi nimevunjika kidogo."

Nina duka dogo la kutengeneza redio na simu Sultan Hamud, kando ya barabara ya Mombasa. Nilifunga mlango nikaenda. Nilimkuta amelala chali, mguu umevutwa kwa kamba na uzani, na jambo la kwanza aliloniuliza ni kama nimekula.

Tulizaliwa ng'ambo ya mto Athi, upande wa Ikutha. Mama alipofariki, dada alikuwa msichana, na mimi nilikuwa bado sijajua kufunga vifungo vya shati. Alinifundisha kusoma kwa karatasi zilizofungia sukari na majani ya chai. Alipoolewa huku Makueni, nilikuja naye kama sehemu ya mizigo yake, na marehemu mume wake hakuniuliza hata siku moja nitaondoka lini. Shule sikufika mbali. Mambo ya umeme nilijifunza kwa vitabu vilivyotupwa na watu, na mambo ya kompyuta nilijifunza baadaye, kwenye simu, nikirudia somo moja mpaka linikubali. Lakini herufi ya kwanza niliipata kwake, na katika kila nilichojifunza baada ya hapo naona mkono wake.

Kwa hiyo mradi ulipofika kijijini kwake, mwaka mmoja kabla ya kuvunjika kwake, nikaambiwa unatafuta mthibitishaji anayejua simu na anayejulikana na watu, nilikubali upesi. Kazi yenyewe ilikuwa siku chache tu kwa mwezi.

Mradi ulitaka kupima wema. Sisemi hivyo kwa kejeli. Mtu aliyelima matuta na wenzake, aliyetengeneza njia, aliyepanda miti au aliyemtunza mgonjwa alipata alama, na alama hizo ziliandikwa kwenye blokcheni, daftari la kompyuta lisilofutika. Watu wa pale waliziita alama za wema. Matangi ya kuvunia maji ya mvua yangekuja moja moja, na mwenye alama nyingi ndiye angetangulia. Wazo lilinivutia. Nimeishi kuona orodha nyingi za misaada zikiandikwa na mtu mmoja ofisini, na jina la kwanza huwa ni la shemeji yake. Hapa hakuna mtu ambaye angeweza kuingiza shemeji. Kila rekodi ilifungwa kwa ile iliyoitangulia, nakala zake zikawekwa kwenye mashine nyingi zilizo mbali mbali, na ukitaka kubadilisha moja ingekubidi ubadilishe zote kila mahali kwa wakati mmoja.

Nilitafuta maneno ya kulieleza jambo hilo kwa muda mrefu. Siku ya kulieleza, wanawake wa kundi walikuwa wameketi kwenye mabenchi ya kanisa, na mwenyekiti wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, alikuwa akisuka kiondo huku akisikiliza. Nilipomaliza alisema bila kuinua macho:

"Kwa hiyo ni kama kiondo. Mstari wa chini ukishasukwa, huuchomoi bila kufumua chote."

"Ndivyo hasa," nikasema, nikisikia raha.

"Na ukikosea?"

"Mashine haikosei."

Walicheka mpaka watoto waliokuwa nje wakachungulia. "Fundi," akasema mwenyekiti, "wewe umewahi kusuka hata kamba?"

Kundi hilo ni la mwethya, kazi ya pamoja ambayo sisi Wakamba tumeizoea tangu zamani: leo shamba lako, kesho langu. Wanachimba fanya juu, mtaro unaokata mtelemko kwa mlalo, na udongo wake unatupwa upande wa juu ili tuta lishike maji na mchanga. Mimi, tangu kabla ya mradi, nawapimia mstari kwa uzi na pima maji, wao wanachimba. Jioni simu ya kila mmoja ilimletea majina ya wenzake na swali: je, huyu alifanya kazi leo? Chini ya swali kulikuwa na vitufe viwili, ndiyo na hapana. Mradi uliwapa simu wale ambao hawakuwa nazo, na kila simu ilisema ilikuwa wapi.

Katika kundi lile kuna desturi ambayo sijui ilianza lini. Mwenzao akiugua au akijifungua, jembe lake haliugui. Yule wa karibu hulipitia nyumbani asubuhi. Shambani kila mwanamke huacha lake kwa muda, akachimba kipande kwa jembe la mgonjwa, kisha akampa anayefuata, mpaka linapozunguka kundi zima. Jioni huoshwa na kurudishwa, na anayelirudisha humweleza mgonjwa lilichimba wapi. Mtu akiuliza kama mgonjwa alikuwa kazini, jibu ni kwamba jembe lake lilikuwepo. Shamba la mgonjwa nalo halipotezi zamu.

Nilikua nikiliona jambo hilo, na ndiyo sababu sikulifikiria. Huwezi kuona haja ya kueleza kile ambacho kwako ni sawa na salamu.

Dada aliporudi kutoka hospitali na kulazwa kwenye kitanda kilicho karibu na dirisha, jembe lake lilianza kwenda kazini. Mpini wake umepinda kidogo, na wanawake walilalamika kila lilipofika mikononi mwao.

"Jembe hili lina kiburi," alisema mmoja siku nilipokuwa napima.

"Limemfuata mwenyewe," akajibu mwenyekiti. "Vuta tu, litanyooka."

Na kila jioni, walipoulizwa na simu kama dada yangu alifanya kazi, wote walibonyeza ndiyo.

Miezi miwili baadaye, ujumbe ukaingia kwenye simu yangu nikiwa dukani. Kundi limesimamishwa. Mashine ilikuwa imeona kwamba simu ya dada haikutoka nyumbani kwake hata siku moja, ilhali wenzake wote walishuhudia kwamba alikuwa shambani. Iliendelea kueleza kwamba katika kundi hili watu wanathibitishana kila siku, wote kwa wote, na hakuna aliyewahi kumkana mwenzake. Nilisoma sehemu hiyo mara kadhaa. Kwa hesabu ya mashine, watu wanaokubaliana hivyo ni genge. Na kwenye rekodi ya dada yangu, yeye peke yake, palikuwa pameongezwa maneno: amefaidika kwa udanganyifu.

Niliamua nimwambie mwenyewe kabla hajaambiwa na mwingine. Kulikuwa na mambo mawili. Daktari alikuwa amesema asibebe tena mzigo mgongoni, si mwaka huu wala mwaka ujao, kwa hiyo njia ya mtoni ilikuwa imefungwa kwake. Alikuwa wa pili kwenye foleni ya matangi, na tangi lililovuna mvua za vuli lingemtosha mpaka kiangazi kingine. Sasa foleni yote ilikuwa imesimama. Jambo la pili lilikuwa jina lake.

Alinisikiliza akitazama dari. "Nani ameandika hivyo?"

"Hakuna mtu aliyeandika. Ni mashine imehesabu."

"Basi nani atafuta?"

"Haifutiki, dada. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Akaniomba nimgeuzie mto. Halafu akasema, "Hata mume wangu hakuniita mwongo. Na siku nyingine alikuwa na sababu."

Alitabasamu aliposema hivyo, lakini mkono aliouweka juu ya wangu haukuwa na uzito niliouzoea.

Niliwaandikia watu wa mradi. Nilieleza desturi ya jembe kwa utaratibu, tangu asubuhi linapopitiwa mpaka jioni linapooshwa, nikaambatanisha picha. Afisa wao wa eneo alikuja mwenyewe kabla ya juma kuisha. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye viatu vizuri vilivyokuwa vimekwisha kuharibiwa na vumbi letu, na nilimheshimu kwa sababu hakuleta maelezo marefu. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda. Mwenyekiti na wenzake walijaza chumba, wengine wakasimama mlangoni.

Alisema kilichoandikwa kitabaki. Kinachowezekana ni kuongeza rekodi mpya mbele yake. Dada akikiri mwenyewe kwamba hakuwa kazini siku hizo, kundi litafunguliwa siku hiyo hiyo na alama za wenzake zitarudi. Zake za msimu mzima zitashuka hadi sufuri, naye atakuwa wa mwisho kwenye foleni. Wakikataa, kesi itapelekwa kwa wakaguzi, na wakaguzi hawatamaliza kabla ya mvua.

"Wapelekewe," mwenyekiti akasema. "Dada, usifungue mdomo. Ukisema hukuwepo, ni sisi tumedanganya. Tulilima na wewe."

"Mlilima na jembe," dada akasema.

"Na jembe ni la nani? La serikali?"

"Mama," afisa akasema polepole, akimgeukia dada, "swali linauliza tu kama wewe, kwa mwili wako, ulikuwa shambani."

"Nimekuelewa, mwanangu. Nilikuwa hapa kitandani. Muulize mgongo wangu."

"Wewe!" mwenyekiti akafoka. "Unajimaliza na mdomo wako!"

"Na wewe unataka mvua inyeshe, sote tubaki tukitazamana. Paa lako ni la mabati kama langu. Tangi likija kwa yeyote hapa ndani, limekuja."

"Sisi tuna miguu. Tutateka."

"Hata mimi nilikuwa na miguu."

Mmoja wa wanawake walio mlangoni alijifuta uso kwa kona ya leso. Mwenyekiti alitazama kiondo chake, akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, "Si haki. Hiyo tu ndiyo nasema. Si haki uitwe hivyo, na sisi ndio tulibonyeza."

"Najua mlichobonyeza," dada akamwambia. "Kila jioni mlinibonyeza. Nilikuwa nikilala vizuri."

Kisha akanigeukia. "Mwana wa mwaitu, nishikie hiyo simu, nisije nikagusa pasipofaa."

Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye huniita hivyo anapotaka nisibishane naye. Nilimshikia simu. Swali lilikuwa lile lile la kila jioni, ila sasa lilikuwa linamuuliza yeye juu yake mwenyewe. Aliyasoma maneno yote kwanza, kidole kikifuata mstari kama alivyonifundisha mimi. Akabonyeza hapana.

"Haya," akasema. "Nani anaweka chai? Mgeni ametoka mbali."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifikiria kitufe cha tatu. Nimekaa dukani na kalamu nikijaribu kuandika maneno yake, kwa kuwa najua mashine haiwezi kuuliza jambo ambalo mtu hajaliweka kwa maneno mafupi. Nimeandika "alikuwepo kwa niaba," nikafuta, kwa kuwa hakumtuma mtu badala yake. Nimeandika "wenzake walimbeba," nikafuta hilo pia. Hawakumbeba yeye, walibeba jembe, na jembe lilichimba kweli. Tuta lipo, limeshika udongo. Bado sijapata maneno.

Zamu iliyofuata ilikuwa ya shamba la dada. Kwa sheria za mradi, kazi kwenye shamba la mtu mwenye sufuri haikuleta alama kwa yeyote. Nilifika mapema na uzi wangu, nikidhani watakuja wachache. Walikuja wote. Hawakuelekea shambani, waliingia ndani ya nyumba, na mwenyekiti alikuwa na kiondo kikubwa kitupu. Akasimama mlangoni mwa chumba, na kila aliyepita alitoa simu yake akaitia humo. Ilipofika zamu yangu, nilisita.

"Na mimi?"

"Kwani wewe si mtu?"

Nikaitia. Aliweka kiondo kitandani, ubavuni mwa dada, akakifunika kwa leso kama anayelaza mtoto.

"Nini tena hiki?" dada akauliza.

"Wewe ulituma jembe kwetu. Sisi tumetuma simu kwako. Zitunze."

"Na zikilia?"

"Waambie tuko kazini."

"Lakini mashine itasema mmekaa hapa siku nzima na mimi."

"Basi kwa mara ya kwanza itakuwa imesema ukweli," mwenyekiti akasema, akatoka.

Nilivuta uzi, nikasoma pima maji, nikaweka vigingi. Nilipokuwa nikikunja uzi, mwenyekiti alinijia na jembe lenye mpini uliopinda. Katika miaka yote niliyowapimia, sikuwahi kupewa jembe la mgonjwa. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na pale mikono yake ilipozoea kushika, mti ulikuwa umelika, laini kama kijiko cha zamani. Vidole vyangu viliingia mle mle. Nilichimba kipande changu, nikatupa udongo juu, na wanawake wakanicheka kwamba natupa kama ninayemmwagia kuku maji. Sikujali. Nilimpa aliyefuata, na likaenda.

Kutoka shambani tulisikia simu zikilia dirishani, mbili tatu kwa pamoja, na sauti ya dada ikizijibu moja moja: "Hayupo! Yuko kazini! Piga jioni!" Baadaye alichoka kutafuta ni ipi inayolia, tukamsikia akicheka peke yake. Hakuwa amecheka hivyo tangu ateleze kule mtoni.

Siku chache baadaye afisa alinipigia simu. "Fundi, nimeona ramani ya kwenu. Kundi zima limekaa nyumba moja tangu asubuhi mpaka jioni, na shambani hakuna mtu. Kulikuwa na matanga?"

"Hakuna aliyekufa," nikamwambia. Nikamweleza. Nikamsikia akivuta kamasi. Alisema atawapelekea wanaotengeneza mfumo maelezo yangu ya jembe na haya ya simu pia. Naamini aliyapeleka. Kama wameyafanyia jambo, sijui. Mimi bado ni mthibitishaji wao, na bado naona kwamba kuna dhuluma ambazo mfumo ule umezizuia; sitasema kinyume kwa sababu tu aliyeumia ni wa kwetu.

Tangi la kwanza lilifika kwa mwenyekiti, mawingu yakiwa yameanza kusimama juu ya vilima. Nyumba yake iko upande wa juu wa nyumba ya dada, na kati yao kuna ua wa minyaa. Mafundi walipomaliza kufunga mifereji na kuondoka, aliniita.

"Leta ile pima maji yako."

"Unataka kuchimba tuta hapa uani?"

"Nataka kujua kama maji yakitoka kwenye bomba langu yatafika mlangoni mwa jikoni lake. Yenyewe, bila kubebwa."

Nilipima mara mbili, maana sipendi kumpa mtu jibu la kukisia. Ardhi inashuka vizuri. Tulipitisha mpira mweusi wa maji chini ya minyaa, tukaufukia ili mbuzi wasiutafune, na mwisho wake nikafunga bomba dogo kwenye kigingi kando ya mlango wa jikoni. Kwenye rekodi, tangi hilo ni la nyumba moja. Na dada yangu, ukimtafuta humo, utamkuta wa mwisho, na yale maneno yakiwa bado kando ya jina lake. Aliniomba mara moja nimwonyeshe. Akayasoma, akanirudishia simu, akaniuliza kama kipande cha mpira kilichobaki nje kitavumilia jua.

Mvua ilipokuja nilikuwa Sultan Hamud, mbele yangu redio iliyofunguliwa. Simu ikalia. Sikusikia sauti ya dada mwanzoni, ila mlio kama wa kitu kinachojazwa, ukianza mnene kisha ukipanda mwembamba, jinsi maji yanavyokaribia shingo ya mtungi.

"Unasikia?" akasema.

"Nasikia. Umesimama na nani?"

"Na fimbo yangu." Mlio ukakoma, alikuwa amefunga bomba. "Ni ule mtungi wetu, ule ambao haukupasuka. Umejaa, na sijauinua."